Restrain, refrain, withhold: maneno aliyonifundisha kaka yangu kabla vita havijamchukua

Wakuu, habari za jioni. Na vijana wa jukwaa hili la lugha nawasalimu pia.

Juzi kuna kijana aliuliza humu tofauti ya "restrain" na "refrain". Wengine wakamnakilia kamusi, wengine wakamcheka kwamba hajasoma, uzi ukafa.

Mimi sikuchangia. Nilisoma, nikaweka simu pembeni, nikaenda kukaa nje. Maneno hayo nayajua, lakini sikuyajulia kwenye kamusi.

Leo nimeamua kuandika. Nitakayosema niliyaona mwenyewe, na pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo. Ni marefu. Mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Mimi ni mama mtu mzima, nina wajukuu. Kwetu ni Ngara, Wahangaza, Wakatoliki. Nilizaliwa kwenye nyumba iliyokuwa peke yake juu ya kilima, migomba imeizunguka. Ukimtaka jirani unampigia ukelele ng'ambo ya bonde, na akiwa hana hamu na wewe anajifanya hajasikia.

Ikaja operesheni ya vijiji. Tukateremshwa wote, nyumba zikapangwa mistari, mlango unatazamana na mlango. Mkipika maharage jirani anajua kama mmetia chumvi.

Siandiki siasa hapa. Nataja hilo kwa sababu ukaribu ule wa nyumba unaingia kwenye habari yenyewe.

Kaka yangu mkubwa aliitwa Pastory. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo kijijini, na ndiye aliyenifundisha Kiingereza. Nyumbani namwita kaka, shuleni namwita mwalimu. Nikikosea nikamwita kaka darasani, ananisimamisha mpaka kipindi kiishe.

Alikipenda Kiingereza, ila hakukitumia kujionyesha. Alikuwa akituambia kwamba sisi tukisema "zuia" imetosha, mengine msikilizaji anajua. Mwingereza anataka kujua zaidi: nani anashika, anashika nini, na anakizuia kisiende wapi.

Siku moja alimwita mwenzetu mbele, akamshika mikono yote miwili kwa nyuma.

"Hii ni restrain," akasema. "Nimemshika mwingine asifanye jambo. Naweza pia kujishika mwenyewe. I restrained myself. Ni sahihi."

Akamwachia. Akaweka ndizi mbivu juu ya meza, akakaa anaitazama.

"Hii sasa ni refrain. I refrain from eating. Hamuoni mtu aliyeshikwa. Ukiandika I refrain him, nakupa sifuri. Hakuna mtu anayeweza kukufanyia refrain. Ni ya kwako peke yako."

Kisha akaichukua ile ndizi akaificha nyuma ya mgongo. "Na hii ni withhold. Kinachotajwa kwanza ni kile unachonyimwa, halafu wewe unayenyimwa. I withhold the banana from you."

Darasa zima tukacheka. Akaimenya akaila, akasema kipindi kimekwisha.

Kijana uliyeuliza, jibu lako ndilo hilo. Ukitaka unaweza kuishia hapo.

Mimi nikafaulu kwenda sekondari, shule ya bweni, mbali na nyumbani. Pastory akaoa. Mke wake aliitwa Yustina, Msubi wa Nyamahanga kule Biharamulo, mwanamke mrefu, mpole, anayefanya kazi za nyumba huku anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini.

Vita vya Kagera vikaanza. Wanamgambo wakakusanywa vijijini, na Pastory akaenda. Sikuwepo siku aliyoondoka. Mama alinisimulia kwamba Yustina, akiwa mjamzito, alimsindikiza hadi barabarani na hakurudi kula mchana.

Tuliomba rozari nyumba nzima, kila jioni, arudi mzima.

Akarudi mzima. Hana kovu, hana mahali pa kuchechemea. Akamkuta binti yake ameshaanza kukaa. Kijiji kikamchinjia mbuzi, watu wakanywa rubisi, wakamwita afande.

Yeye alikuwa anatabasamu tu. Akiulizwa kuhusu vita anasema, "Tulienda, tukarudi."

Baadaye akaanza kuchimba.

Alichimba nyuma ya nyumba, kwenye maharage ya mama. Shimo refu, jembamba, la kumfika kiunoni. Baba akadhani anatengeneza choo. Alipomaliza akahamia kwa jirani, akachimba lingine. Jirani alipomuuliza akasema kwa heshima kabisa, "Mzee, hapa tuko wazi mno. Nyumba zimekaa mstari. Wakipiga moja wanazipiga zote."

Mwanzoni watu walicheka. Nikiwa likizo nilisikia watoto wakiliita "handaki la mwalimu". Lakini akawa halali, halafu akawa anakunywa sana, halafu shuleni wakamwambia apumzike kwanza.

Baba akaamua tumpeleke hospitali. Daktari alikuwa mgeni kutoka nje, Kiswahili chake ni cha kuamkia tu, na mtafsiri wake siku hiyo hakuwepo. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, msichana wa sekondari niliyevaa sare kwa sababu ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo.

Pastory alikaa kwenye benchi ametazama dirisha. Angeweza kutafsiri vizuri kuliko mimi.

Daktari akasema kaka apunguze pombe. Alitumia neno "curb".

Baba akaniuliza, "Amesema aache?"

"Hapana Baba. Amesema aipunguze, aipigie breki."

"Kwa hiyo anywe kidogo?"

Daktari alipoelezwa akacheka, akasema basi aiache kabisa.

Halafu akasema neno nililolikamata vizuri. Kwamba kwa vidonge na sindano ya kila mwezi, ugonjwa utakuwa "under control". Na akasema asifungwe kamba. "There is no need to restrain him."

Nikamweleza Baba. Baba akapumua, akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili.

Wakuu, hapa niseme kitu kuhusu "under control", maana naona mnaitumia ovyo. Haimaanishi jambo limekwisha. Maana yake ni kwamba jambo bado lipo, ila kuna kitu kimelishika. Sisi siku ile tulisikia kama limekwisha.

Kweli dawa ilimsaidia. Alilala, akanenepa kidogo. Yustina akaanza tena kuimba akiwa anafua. Nilirudi shuleni nikiwa na amani, na nikapata habari kwamba ameanza kwenda darasani asubuhi, anafundisha vipindi vichache.

Halafu dawa zikakosekana.

Waliokuwepo wanakumbuka hali ilivyokuwa baada ya vita. Sabuni hakuna, chumvi ya shida, mafuta ya taa unasikia yako sehemu fulani, ukifika yamekwisha. Sindano za mtu mmoja wa kijijini Ngara nani angezikumbuka. Baba alikuwa anatembea kwa miguu mpaka hospitali, anaambiwa bado, anarudi. Daktari naye hakuwa na la kufanya. Kila mtu alikuwa anangoja kitu kutoka mahali ambapo nako walikuwa wanangoja.

Likizo iliyofuata nikamkuta kaka amekonda, macho yameingia ndani, na nyuma ya nyumba kuna handaki jipya.

Siku moja asubuhi watu wazima wote walikuwa shamba la kijiji. Ilikuwa zamu ya lazima, hakuna kubaki. Mimi nilibaki na mafua, na Pastory kwa sababu kila mtu alijua hali yake.

Mjukuu wa balozi wetu wa nyumba kumi, mtoto wa kike mdogo, akapita anakimbia kati ya nyumba, anafukuza kuku. Pastory alikuwa amekaa kizingitini. Sijui alisikia nini. Aliruka, akamnyakua yule mtoto, akaingia naye handakini, akamlalia juu kwa mwili wake wote, mkono mmoja umemziba mdomo.

Nilikimbia pale. Alikuwa anamnong'oneza mtoto, "Usilie, usilie, wanapita, usilie." Anamfunika kichwa. Anamwokoa.

Na mtoto alikuwa hapumui vizuri.

Nilimvuta kaka shati, nikamvuta nywele, nikamwita mwalimu. Sijui kwa nini nilimwita mwalimu. Hapo akageuka akanitazama, akaachia mkono. Mtoto akavuta pumzi, akalia.

Mtoto hakufa wala hakuumia. Lakini tangu saa ile hakuna mtu aliyecheka tena kuhusu mahandaki.

Balozi alikuja nyumbani mchana uleule. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akakaa na Baba nje.

"Mzee mwenzangu," alisema, "wewe ni rafiki yangu na huyo mwarimu ni mtoto wetu. Zamani ungekaa naye kule kilimani kwako, akachimba mpaka achoke. Hapa watoto wako mlangoni kwake. Mzuie wewe. Ukishindwa, kijiji kitamzuia, na kijiji hakitamzuia kwa upole."

Baba akasema amesikia.

Baada ya hapo nilikuwa nimekaa karibu na jiko nachambua maharage. Pastory akaja, akachuchumaa karibu yangu. Macho yake yalikuwa safi, macho ya kaka yangu wa zamani kabisa. Mama na Yustina walikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kwa hiyo akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba maji.

Alisema amejaribu kujizuia. Kuna saa anaiona inakuja na anajiambia hapana, hapana, kumbe ameshaingia ndani yake.

"Refrain nimeshindwa," akasema. "Imebaki restrain. Mwambie Baba anifunge."

Nikamwambia daktari alikataa.

"Daktari alikuwa anamsema mtu mwenye dawa," akanijibu.

Akachukua punje kadhaa za maharage zilizooza, akazitupa, akainuka.

Nilikaa pale na ungo mapajani.

Nikaenda kumwambia Baba. Baba hakuwa mtu wa maneno. Aliniuliza tu, "Amesema mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akatoka na kamba ya katani aliyokuwa anafungia ng'ombe.

Yustina alisimama kwenye mlango wa mumewe akamzuia kupita. Mkwe na mkwewe, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Baba, mimi ndiye mke wake," alisema. "Nitamlinda mimi. Nitakaa naye usiku na mchana."

Pastory ndiye aliyemwondoa mlangoni. Alimshika mabega, akamwambia, "Yustina, na huyu wetu je?" Binti yao alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala.

Yustina akapisha. Kisha akachana khanga yake, akafunga vitambaa kwenye kifundo cha mguu wa mumewe kwanza, ndipo Baba akafunga kamba juu yake, na ncha ya pili kwenye nguzo ya nyumba. Kaka alinyoosha mguu mwenyewe.

Baba alipomaliza alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya zizi. Hakuna aliyemfuata.

Ndugu wakashauri aitwe mganga wa kienyeji. Akaja, akasema mgonjwa asipewe chumvi, asipewe nyama, asilale na mkewe, na mtoto asisogezwe karibu naye. Hayo ya chumvi na nyama yalikuwa mepesi, maana hatukuwa navyo. La mtoto ndilo lilikuwa gumu.

Withhold. Kinachotajwa kwanza ni kile unachonyimwa.

Binti alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa anakuja mpaka mlangoni, anamwona baba yake, anacheka, na kuna mtu anamnyanyua kumrudisha. Pastory alikuwa anamtazama anavyobebwa, kisha anageukia ukuta. Siku zangu za likizo zilipokwisha niliondoka nikiwa na picha hiyo.

Yaliyofuata sikuyaona. Naambiwa zilikuwapo siku nzuri ambazo Baba alimfungua, wakatembea wawili mpaka kilimani kwenye migomba ya zamani. Naambiwa pia zilikuwapo siku ambazo aliivuta ile kamba kuanzia asubuhi hadi jioni, anataka kwenda kuwatoa wenzake, anawaita kwa majina ambayo sisi hatukuyajua. Vitambaa vilikuwa vinachanika. Yustina alikuwa anaweka vingine.

Niliporudi tena, nilisikia harufu kabla sijaingia ndani.

Kifundo kilikuwa kimekatika mpaka kwenye nyama nyeupe. Walikuwa wamehamishia kamba mguu wa pili, na ule wa kwanza wanauosha kwa maji ya chumvi wakiipata, na majani wakiikosa. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Mwili wote unawaka.

Nilimwambia, "Shikamoo kaka." Akanitazama, akasema, "Marahaba. Umefunga shule?"

Tukamlaza kwenye machela. Wanaume wa kijiji wakapokezana kumbeba hadi hospitali, na balozi alikuwa mmoja wao, njia nzima hakukubali kupokewa zamu yake. Hakuna mtu katika habari hii aliyekuwa mbaya, wakuu. Mimi nimetafuta wa kumchukia, sijampata, na hilo ndilo linalonichosha.

Daktari alikuwa yuleyule. Aliutazama mguu, akamtazama Baba, hakuuliza kamba ilitoka wapi. Alimsafisha kidonda, akampa alichokuwa nacho. Siku ya pili akaniita pembeni. Akasema sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. "We can't contain it."

Contain ni kukiweka kitu ndani ya mipaka kisisambae. Moto, ugonjwa, hata hasira.

Nilirudi alipokuwa Baba. Akaniuliza, "Amesemaje?"

Nikasema, "Amesema haizuiliki, Baba."

Lilikuwa neno letu moja tu, na lilitosha.

Pastory alifariki mchana, watu wa wodi wakiwa wanagawiwa uji. Yustina alikuwa amemshika mguu ule mwingine, anausugua, kana kwamba ana baridi.

Kaka yangu alikwenda vitani na kurudi bila jeraha hata moja. Akafa kwa jeraha tulilompa sisi tuliompenda, kwa ombi lake mwenyewe, kwa kamba iliyofungwa na baba yake juu ya khanga ya mke wake.

Kwenye mazishi walimu wenzake waliimba. Padri alisema maneno mazuri kuhusu utumishi. Mimi wanaume waliniambia nijikaze, nisimlilize Mama. "Hold back your tears", Mwingereza angesema. Niliyazuia machozi. Yalinitoka miaka mingi baadaye, tena kwenye harusi ya watu, bila sababu.

Baba hakufuga tena ng'ombe. Yustina alikaa nasi mpaka msiba ukatulia, kisha akamchukua binti yake wakarudi kwao Nyamahanga. Hatukumzuia.

Miaka mingi ilipita, vijiji vilishalegea na watu wengi walisharudi kwenye vilima vyao. Siku moja nikiwa safarini, basi letu lilisimama Lusahunga, watu wakashuka kununua chakula pale panaposimama malori. Mama mmoja mrefu aliyekuwa anauza ndizi za kuchoma akaniita jina langu la utotoni. Ni Yustina.

Tulishikana mikono kwa muda mrefu. Aliniambia binti amekua, amesoma, ameolewa vizuri. Nikafurahi, nikasema siku moja nije nimsimulie habari za baba yake.

Yustina akanivuta pembeni.

"Wifi," alisema, "mimi nilimwambia baba yake alifia vitani. Ndivyo anavyojua, na watoto wake ndivyo wanavyojua. Nakuomba."

Nikamwambia sioni kama amemdanganya.

Dereva akapiga honi, nikapanda.

Funzo? Mnataka funzo. Mwenye mgonjwa wa akili nyumbani asimfiche wala asimfunge, siku hizi dawa zipo karibu kuliko wakati wetu, na zikikosekana mahali pamoja piga kelele mpaka zipatikane kwingine. Zaidi ya hapo sina. Nimejaribu sana kutafuta funzo kubwa kwenye kifo cha kaka yangu, nimekosa.

Wenye ndugu waliorudi vitani wakiwa hivi, andikeni hapa chini, nitasoma yote. Na wataalamu wa lugha mnirekebishe nilipokosea, sitachukia.

Majina nimeyabadilisha. Ila msiniulize kijiji gani wala shule gani. Yule binti sasa ni mama mtu mzima, anatumia simu kama sisi, na anajua kusoma.